Jiko Lililopona Kila Fundi Alipofika

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, maana nikiuacha mtausikia kwa watu wengine, na hao hawana kipimo cha chumvi.

Mwezi uliopita maikrowevu ya binti yangu iliacha kupasha. Taa inawaka, sahani inazunguka, inanguruma kama kawaida, ukitoa wali uko baridi vile vile ulivyoingia. Mimi niliyelishwa na majiko haya mpaka nikastaafu, nikafurahi. Ndiyo, nikafurahi! Mtu ukishastaafu, ukawa unakaa kwa binti yako hapa Dubai, mtaa wa International City, kutwa ni wewe, televisheni na dirisha linalotazama dirisha la mwenzako, basi kitu kikiharibika ndani ya nyumba ni kama umealikwa harusini. Nikatoa bisibisi zangu uvunguni. Nikaifungua maikrowevu nikaitandaza juu ya meza ya chakula, skrubu nikazitia ndani ya kikombe cha kahawa. Nikapima kila kitu, kila kitu kizima. Hapo nikafanya lile linalofanywa na kila fundi aliyekosa kosa: nikatafuta mtu.

Na mtu alikuwa karibu. Jirani yetu wa mlango wa pili, Mwanasiti, huja mchana kupasha mchuzi wake kwetu. Siku ile akatokea na bakuli lake mkononi, akaiona ile mashine imepasuliwa kama samaki.

"Mwanasiti," nikamwambia, "jana ulipashia bakuli gani?"

"Hili hili la udongo."

"Halikuwa la chuma?"

Akanitazama. "Mzee Fundi, unaniuliza au umeshanihukumu?"

"Nauliza tu."

"Haya, ukimaliza kuuliza unite." Akageuka na mchuzi wake baridi.

Hakuwa na kosa. Na kama mngejua mimi na yule mama tumetoka wapi, mngejua kwa nini binti yangu alininunia mpaka usiku. Ilikuwa mara ya pili maishani mwangu kumshuku mtu yule yule kwa jambo la namna ile ile. Ninyi vijana mnaonikamata kwenye ngazi kila siku, "Mzee, tufundishe kazi," kaeni niwaambie ya mara ya kwanza. Ndiyo yenye kazi ndani yake.

Duka letu la ufundi lilikuwa mtaa wa Satwa, uchochoro wa nyuma, kati ya mshona kandura, zile kanzu za Waarabu, na gereji ya pikipiki. Mwenye duka alikuwa Mzee Haji, mtu wa Unguja, mrefu, miwani yake imefungwa uzi nyuma ya kisogo. Yeye ndiye aliyenifundisha. Mimi nilitoka Mombasa na cheti changu cha kidato cha nne, nikidhani umeme ni ile sura moja ya kitabu cha fizikia niliyoipita. Mzee Haji akanitia adabu. Alikuwa mtu wa shuku. Ukimwamkia, anafikiri kwanza unataka nini, ndipo aitikie.

"Bwana we," alikuwa akisema, "jiko likiacha kupasha, shuku ukuta, shuku mlango, mwisho shuku mwenyewe."

Ukuta maana yake soketi. Nyumba nyingi za watu wetu hapa zimegawanywa vyumba kwa mbao, na waya mmoja mwembamba wa kuunga unalisha friji, pasi, jiko la wali na maikrowevu. Umeme unafika umechoka. Jiko linanguruma lakini halipashi. Chomeka peke yake kwenye soketi ya ukutani kabla hujashika bisibisi, utaokoa nusu ya siku. Mlango nao una swichi ndogo ndogo ndani, zile zinazolia *tk* ukifunga. Moja ikilegea, taa itawaka, sahani itazunguka, moto hakuna. Watu wanaubamiza mlango kama wa teksi halafu wanashangaa.

Na mwenyewe, Mzee Haji alisema, ndiye mgumu kuliko vyote, kwa sababu mwenyewe anasema uongo. Hakuna aliyewahi kuja Satwa akasema, "Fundi, nilipasha yai na ganda lake." Wote husema, "Liliacha tu lenyewe." Majiko yote ya Dubai huacha yenyewe.

Nao wateja walitushuku sisi, msidhani. Mpishi mmoja alituletea jiko kapaka rangi ya kucha kwenye kila skrubu, nyekundu, ili ajue kama tumefungua na kumwibia kifaa. Sasa ndugu yangu, utatengeneza vipi bila kufungua? Mzee Haji akalirudisha vile vile, akamwambia, "Limeng'ara, lipeleke harusini."

Jambo moja sina mzaha nalo. Ndani ya jiko hili kuna kapasita, kijikopo kinachotunza umeme hata ukishachomoa waya. Mimi nilikiamini mara moja. Nilijikuta nimekaa juu ya boksi la mapangaboi, sijui nimefikaje, na Mzee Haji amesimama mbele yangu anauliza, "Jina lako nani?" Nilimjibu sawa, akasema, "Basi rudi kazini." Yule asiyefundishwa asilifungue. Nimemaliza.

Sasa mtaa wa Al Warqa.

Kulikuwa na villa ya madam mmoja ambaye jiko lake lilipasha asubuhi na kugoma mchana. Alipiga simu dukani, nikatumwa mimi. Mlango wa jikoni nikafunguliwa na msichana mwembamba, ushungi umefungwa vizuri, akasikia salamu yangu tu akanijua ni mtu wa pwani.

"Alhamdulillahi," akasema kwa Kiswahili cha Tanga, "leo nimepata wa kunielewa. Fundi, jiko hili lina shetani. Linapasha sahani mbili, tatu, kisha basi. Watoto wanakula baridi, madam ananikasirikia mimi."

Huyo ndiye Mwanasiti.

Jiko lilikuwa linameta, hata alama ya kidole hakuna. Nikafanya tulivyofundishwa: glasi ya maji ndani, dakika moja, kidole. Moto! Nikarudia, moto. Nikamwambia madam kwa Kiarabu changu cha dukani kuwa jiko ni zima. Nikiwa natoka nikaona kwenye kamba nje ya mlango wa jikoni kimeanikwa kitambaa cha kufuma, cheupe chenye maua mekundu, kazi ya mkono. Nikakisifu moyoni, nikaenda zangu.

Haikupita wiki simu ikalia tena. Nikaenda. Jiko linameta, glasi ya maji, moto. Kitambaa kiko kambani. Safari hii madam alisimama mlangoni muda wote amekunja mikono, na Mwanasiti aliponisemesha Kiswahili, madam akatuangalia mmoja mmoja.

"Mnasema nini?"

"Anasema linapasha sahani tatu kisha linaacha, madam."

"Kila ukija linafanya kazi. Kila ukiondoka linaharibika. Na kila ukija nakulipa." Akatunyooshea kidole. "Na nyinyi lugha yenu moja."

Vijana, shuku ikanigeukia mimi. Nilielewa alichokuwa anafikiri, kwamba mimi na yule msichana tumepatana: yeye aseme limeharibika, mimi nije kula nauli. Tangu dakika ile sikumsemesha Mwanasiti neno la Kiswahili. Nilimjibu kwa Kiarabu, tena kwa ukali, kama mtu asiyejua Tanga iko upande gani.

Madam akamalizia: "Fundi akija tena akalikuta zima, huyu namrudisha ofisini."

Ofisini maana yake kwa wakala aliyemleta. Wenye kujua wanajua. Unarudishwa na begi lako, unakaa kwenye godoro pamoja na wenzako mliorudishwa, mnangoja nyumba nyingine au ndege. Na aliyerudishwa kwa uongo, ni nani atakayemtaka? Mwanasiti alikuwa na mtoto kwa mama yake Tanga, na mkono uliokuwa ukimlisha ulikuwa huu huu uliokuwa ukifuta jiko.

Nilipomsimulia Mzee Haji, akasema, "Shuku mwenyewe. Huyo anatia karatasi ya foili." Na mimi nikamwamini, kwa sababu ilikuwa rahisi.

Mara ya tatu nilikwenda nimeshaamua. Nikafungua jiko lote mbele ya madam. Swichi za mlango nzima, fyuzi nzima, dayodi nzima, magnetroni yenyewe, ile inayopika, nzima. Kuna kidude pembeni yake, kidogo kama kifungo cha koti, kazi yake ni kukata moto mashine ikichemka kupita kiasi, kisha ikipoa kinarudisha chenyewe. Nacho kizima. Nikakitazama, nikakipita. Hapo ndipo fundi mwenye akili angeuliza: mbona hiki kipo? Mimi nilikuwa nimeshapata mkosaji, sikuwa na haja ya swali.

Glasi ya maji. Moto.

"Zima," nikamwambia madam.

"Khalas," akasema, akatoka kwenda kutafuta simu ampigie wakala.

Mwanasiti akanishika mkono wa shati. "Kaka yangu, wallahi linaacha. Usiondoke. Ngoja watoto watoke shule, kaa hapo kwenye stuli, ule chakula, utaona kwa macho yako."

"Mimi nina kazi," nikasema. Kwa Kiarabu.

Nikaenda zangu. Na hapa ndipo Mungu anapowatumia hata wazembe. Nimefika kwenye gari la duka, nililoliegesha mitaa miwili mbali kwenye kivuli, naangalia funguo sioni ipi ni ipi, zote ukungu. Miwani! Niliiacha juu ya friji, kama ninavyoiacha kila mahali. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nitazikwa bila miwani na sitamwona hata malaika vizuri. Nikarudi kwa miguu. Watoto walikuwa wamekwisha kuingia, nawasikia wanabishana mezani. Nikaingia mlango wa jikoni bila kubisha.

Kamba ya nje ilikuwa tupu.

Kitambaa kilikuwa juu ya jiko. Maua mekundu juu, chini kimetiwa bitana nene ya pamba, kimeshuka pande zote mbili kama shuka la kitanda cha bibi harusi. Matundu ya kutolea hewa moto ya lile jiko yalikuwa juu na ubavuni. Yote yalikuwa yamevaa.

Mwanasiti alikuwa anatoa sahani ya tatu. Akaigusa. Akanigeukia, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda ubishi. Ulikuwa wa mtu aliyekwisha kufungasha.

"Baridi," akasema.

Nikaweka kiganja juu ya kile kitambaa. Kilikuwa cha moto kama mkate unaotoka tanurini.

"Hiki kinakaa hapa kila siku?"

"Kila siku."

"Mbona mara zote tatu sijakiona hapa juu?"

Akanishangaa kama ninavyowashangaa nyinyi mnapouliza plagi ipi. "Utakionaje nawe ni mgeni? Nikisikia fundi anakuja, nakitoa nakifua, nalifuta na jiko. Nikukaribishe kwa kitambaa chenye matone ya mchuzi? Kwetu hatukulelewa hivyo."

Kwetu pia hatukulelewa hivyo! Mama yangu Mombasa aliifunika redio kwa kitambaa cha kufuma mpaka msomaji wa habari akawa anasikika kama mgonjwa aliyejifunika blanketi. Friji ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, jagi la maji lina kitambaa chenye shanga pembeni. Nilikuwa natafuta foili, natafuta uongo, natafuta shetani, na kilichokuwa kinaziba pumzi ya lile jiko ni malezi mema. Kila fundi alipoitwa, adabu ililivua nguo, likapumua, likapona. Fundi akiondoka, adabu inalivisha tena.

Madam akaingia na simu sikioni. Akaniona. "Wewe hujaondoka?"

Nikatafuta pa kuanzia. Maana fikirini: nikisema ni kitambaa, kitambaa ni cha nani? Ningemsafisha uongo nikampakaza uharibifu. Nikaanza kutapatapa, "Madam, hewa... unajua, hewa ya juu..."

Mwanasiti akanipita. Kwa Kiarabu chake cha jikoni, neno moja moja, akasema: "Madam, mimi. Hiki mimi nimefuma. Vumbi mingi. Jiko nafunika, jiko hapana pumua. Mimi sikujua. Uongo hapana."

Madam akashusha simu. Akakinyanyua kile kitambaa, akakigeuza, akainua ncha ya bitana, akaangalia upande wa ndani ambako mfumaji mbaya hujificha. Hakukuwa na kitu kilichojificha.

"Hiki umefuma wewe? Nilidhani kimenunuliwa."

"Mimi, madam."

Akaisogeza simu mdomoni akamwambia mtu wa upande wa pili, "Baadaye." Kisha akampa Mwanasiti kitambaa. "Weka kwenye meza ya sebuleni. Jiko liache wazi." Akanigeukia mimi. "Na wewe? Mara tatu?"

"Miwani yangu ilikuwa juu ya friji, madam," nikasema.

Ndilo jibu bora nililowahi kutoa katika utumishi wangu wote, na hakucheka.

Madam hakumwomba radhi Mwanasiti. Mimi pia sikumwomba. Nilichukua miwani nikasema inshallah litadumu. Mwanasiti alibaki pale mpaka mkataba ukaisha, akaolewa na dereva mtu wa Lindi, siku hizi anadarizi abaya za duka moja la Satwa, anazidarizia nyumbani. Ni yeye aliyemwambia binti yangu kwamba kuna nyumba tupu karibu na kwake. Tumekuwa majirani hivyo. Miaka yote hiyo hakulitaja lile jambo. Mimi ndiye ninayelitaja, tena kwa kulipamba.

Tangu siku ile niliacha glasi ya maji. Yaani naianza, lakini siishii hapo. Nilikuwa nikifika kwenye nyumba nasema, "Pikeni kama mnavyopika, na kila kitu kikae kinapokaa siku zote, msinisafishie." Kisha nakaa kwenye stuli. Mzee Haji akanishuku, kama kawaida yake. "Umeanza kwenda kula kwa watu," aliniambia. Nilikuwa nakula, kweli, lakini nilikuwa pia naona. Nimeona jiko limesukumwa ukutani mpaka halina nyuma. Nimeona lililogeuzwa kabati, ndani muna mkate na dawa za presha. Hayo hayaonekani ndani ya duka.

Nyinyi siku hizi mnafungua video kwenye simu, jamaa anasema badilisha magnetroni, mnabadilisha. Lisipopasha mnabadilisha na bodi. Lisipopasha tena mnamwambia mwenyewe anunue jipya, na kwa bei za siku hizi ananunua kweli. Sisemi mnakosea. Nasema hamjawahi kukaa kwenye stuli.

Basi, nirudi kwenye meza ya chakula ya binti yangu.

Maimuna alirudi kutoka kazini jioni ile akakuta maikrowevu vipande vipande na baba yake ananung'unika juu ya mabakuli ya majirani. Hakuuliza kuhusu bakuli. Aliangalia pale mahali mashine inapokaa, akaangalia juu ya televisheni, akauliza:

"Baba, kofia zako zilikuwa zinakauka wapi?"

Mimi nina kofia mbili za mkono, za vito, zile zenye vijitundu vya kudariziwa, kazi ya Lamu. Kila Alhamisi nazifua, nazitia wanga, nazivisha mabakuli yaliyofudikizwa zipate kukauka na umbo lake. Na tangu baridi ya mwaka huu iingie, niligundua mahali pazuri kuliko roshani: juu ya maikrowevu. Inapuliza hewa vuguvugu, kofia inakauka wima kama msikiti. Ili maji yasidondokee ndani, kwa kuwa mimi ni fundi na najua hatari, nikatandika kwanza taulo. Nimelikunja mara mbili.

Na kabla sijaifungua mashine, nilifanya nini? Nikatoa taulo kwa adabu. Nikaziweka kofia juu ya televisheni. Nikaifuta. Halafu ndipo nikaketi kuipima, na kushangaa mbona nzima.

Niliirudisha, ikapasha, skrubu moja ilibaki kikombeni na sijui kwao wapi. Nikavaa kofia mojawapo, maana aibu nayo ina heshima zake, nikaupasha mchuzi tuliobakiwa nao, nikaenda kugonga mlango wa pili. Mwanasiti akafungua nusu.

"Nimepata kosa," nikasema.

"La nani safari hii?"

Nikaelekeza kidole kichwani. Nikamweleza yote, wanga, mabakuli, taulo. Nikamwomba radhi ya mchana ule, na kwa kuwa nilikuwa nimeshasimama pale, nikamwomba na ile ya Al Warqa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akapokea bakuli, akaligusa ubavuni kuhakikisha ni la moto, kisha akaitazama ile kofia.

"Kitambaa changu nusura kinirudishe Tanga, Mzee Fundi. Haya niambie, wewe na kofia yako tuwarudishe wapi?"